Nilivyoitunza saga ya mama kama chai mpaka mbegu ikaisha

Wakuu, salamu kwa wote mlio humu.

Haya ni ya miaka ya sabini, nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa, kwetu upande wa Kericho. Wengi walioyaona wameshalala kaburini, kwa hivyo hakuna wa kunisahihisha. Hiyo ndiyo sababu nimeamua kusema kweli yote, hata pale inaponiaibisha.

Mama yangu alikuwa na kishamba cha mboga nyuma ya nyumba. Alikuwa na dania, vitunguu vya majani, managu kidogo, lakini hasa saga, ile mboga chungu ambayo sisi Wakipsigis tunapika na maziwa. Mbegu yake alipewa na mama yake huko Longisa siku alipoolewa.

Mboga tuliyoshindwa kumaliza, aliibeba Jumamosi mpaka laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai lililopakana na sisi. Wateja wake wengi walikuwa Wakisii na Waluhya. Saga ya mama waliijua kwa uchungu wake na hawakutaka nyingine.

Mwaka huo mguu wa mama ukavimba, akashindwa kutembea. Akaniita kitandani akasema, "Shamba ni lako mpaka nipone. Usiliharibu."

Hilo neno la mwisho liliniingia vibaya.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Hata uzi huu nimeufuta mara nne nikauanza upya. Kilimo sikufundishwa na mtu. Nilichokijua nilikuwa nimekiona kwa chai, maana nilikuwa nimeichuma miaka miwili. Na chai ni kitu safi, wakuu. Kila kichaka kimekatwa sawa na mwenzake, juu ni kama meza. Ukiona chai imetoa maua, ujue mwenyewe ameitupa.

Basi nikaichukua saga nikaitunza kama chai.

Nikaihamisha ikae kwa mistari. Kila jioni nikapita nikikata kila ua lililotokeza. Majani yakaongezeka kweli, na hapo nikaona nina kipaji.

Kwenye kona, karibu na uzio wa miti, mama alikuwa ameacha mimea kama sita. Ilikuwa mirefu, mikavu, ya manjano, imejaa maganda membamba. Kila nikipita hapo roho inaniuma. Nilisema, mtu akiona hii atafikiri hapa hakuna mwenyewe. Siku moja nikaing'oa yote nikaichoma pamoja na takataka.

Sikujiuliza hata mara moja ilikuwa hapo kwa sababu gani.

Jumamosi nikaenda laini na mafungu yangu. Yote sawasawa, hakuna jani lenye tundu, mashina yamekatwa urefu mmoja. Mama Nyakundi, Mkisii aliyekuwa mteja wa mama kwa miaka, akashika fungu akaligeuza.

"Kijana, hii umeivuna ama umeinyoa?"

Wafula, jirani yake, akasema, "Muache, mama. Hata kanisani sisi hatukai kwa mistari namna hii."

Wakacheka, wakanunua. Mimi nikarudi nyumbani nikiwaza kama walinunua kwa kupenda ama kwa kunihurumia. Usiku sikulala.

Baada ya wiki chache saga ikaanza kukonda. Chai ikichoka inakatwa chini kabisa, halafu inachipuka. Nikachukua panga nikafanya hivyo hivyo. Nikangoja.

Haikuchipuka. Chai inakaa miaka kuliko mtu. Saga ni ya msimu mmoja, na ukiinyima maua umeinyima watoto. Hilo nililielewa nikiwa nimesimama katikati ya mashina makavu na panga mkononi.

Mvua ilikuwa imeshaanza, na wakati wa kupanda ulikuwa unakaribia. Mama akaniuliza kutoka kitandani, "Mbegu umeanika?"

Nikasema, "Nimeanika. Zimekauka vizuri."

Wakuu, ningeweza kusema ukweli hapo na mambo yaishe. Lakini mtu wa aina yangu, kosa likishaonekana, ni kama yeye mwenyewe ameisha.

Nikamdanganya tena kwamba naenda Bomet kuona rafiki. Nikaenda Longisa kutafuta mbegu, kwa boma la nyanya yangu, yule aliyempa mama ile ya kwanza. Nyanya alikuwa ameshafariki, na mjomba alikuwa amepanda mahindi mpaka mlangoni. Akaniambia, "Saga? Hiyo ilienda na marehemu mama." Akanipa chai na hakuniuliza zaidi. Nilirudi miguu ikiuma na mikono mitupu.

Siku iliyofuata nikaenda laini, si kuuza. Nikamwambia Mama Nyakundi kila kitu, hata ile ya kuchoma.

Akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Kando ya ukuta kulikuwa na mimea miwili ya saga, mirefu, mikavu, mibaya kuitazama.

"Hii ni ya mama yako," akasema. "Alinipa mbegu mwaka ule nilifiwa na mume. Sikujua kama hakukuambia."

Akaung'oa mmoja akaufunga kwa leso, na maganda yake yote. Nikanyoosha mkono kushika ule wa pili, nimsaidie.

"Huo wangu uache. Mkono wako nimeshaujua."

Nikafika nyumbani nikaiweka leso kitandani kwa mama. Nikaanza kukiri, nikikwama kila neno. Akanikatiza.

"Nilijua."

"Nani alikuambia?"

"Siku uliponiambia mbegu zimekauka vizuri, mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Ungeanika wapi?"

Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha nikahangaika mpaka Longisa.

Alikuwa ameshaanza kupasua maganda kwa kidole. Akasema, "Ulisema unaenda Bomet. Ningekuzuia kuona rafiki yako?"

Msimu huo hatukuuza kitu. Saga iliyoota tuliiacha karibu yote ikomae, na wateja wetu wakazoea kununua kwingine. Wengine hawakurudi. Mama alipopona alianza kuwatafuta mmoja mmoja, mlango kwa mlango, akichechemea. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo nikilikumbuka.

Nilichojifunza ni hiki: usisafishe kitu ambacho hujauliza kazi yake. Na ukikosea, sema mapema, kwa sababu anayekupenda huenda ameshajua na anakungojea tu.

Mnaolima mboga za kienyeji, nyinyi mnaacha mimea mingapi ya mbegu? Na kuna mwenzangu aliyewahi kuharibu cha mama kwa kukipenda sana? Semeni hapa chini, nitasoma zote.