Nta Iliyoyeyuka Yote

Miaka ya themanini nilikuwa fundi wa amplifaya, mashine za kukuza sauti, Malindi. Mwenzangu wa dukani, mtu wa Kaloleni, alinishinda akili. Amplifaya yetu ya kukodisha ilikuwa ikipata moto mno, basi akajaza nta ya mishumaa katika kikebe, akakifunga kwenye mapezi ya bati yanayoipoza. Nta ilipokuwa ikiyeyuka ilifyonza joto, na mashine ikatulia.

"Ikiyeyuka yote haisaidii tena, kaka," aliniambia. "Zima, ungoje igande."

"Haya, fundi mishumaa!" nikamcheka.

Siku moja, harusini Mambrui, mwenzangu alikwenda kula, akaniachia mashine. Nilichungulia kikebe, nikaona nta yote imekuwa maji. Nikapeleka mkono kwenye swichi, lakini mashangazi wa bibi harusi walikuwa wakicheza. "Usituzimie, mwanangu!" wakanipigia kelele, nami, kwa kupenda kusifiwa, nikaiacha iwake. Amplifaya ikaungua.

Tajiri wetu alipouliza, nilisema nta ndiyo iliyoiunguza. Mwenzangu akafukuzwa siku ile ile. Alikusanya bisibisi zake.

Miaka mingi baadaye nilikwenda kwao Kaloleni. Mkewe alinionyesha kaburi, akanishukuru kwa kumkumbuka rafiki yangu. Hata yeye nilishindwa kumwambia ukweli.