Tembo Aliyekwenda Shelisheli

Niliondoka Nairobi mwishoni mwa miaka ya sabini kwa sababu nilitaka kujua kuna nini ng'ambo ya maji. Sababu nyingine sikuwa nayo. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nilikuwa nimefika Kampala, Arusha na Lamu. Kila niliporudi mtaani kwetu Shauri Moyo, mjomba wangu Mutisya alinipa msasa pale kwenye kibanda chake cha uchongaji bila kuniuliza nilikotoka.

Kibandani mlikuwa na wachongaji kumi na mmoja, wote Wakamba. Wao walichonga, mimi nikasugua vinyago na kuvipaka rangi ya viatu mpaka vikang'aa. Kila mchongaji alikata alama yake tumboni mwa kinyago ili kijulikane ni cha nani. Ya mjomba ilikuwa mikato mitatu, kama unyayo wa kuku. Kinyago kisicho na alama kiliwekwa rafu ya juu. Hicho hakikuwa na mwenyewe. Kikiuzwa, kilinunua sukari ya chai ya wote.

Siku moja fundi wa magari, Mshelisheli aliyekuwa akiishi Eastleigh, alikuja kutuambia kwamba kaka yake Antoine ana duka la vinyago kwao na anatafuta mchongaji wa Kikamba. Wazee walicheka. Hakuna aliyetaka kupanda meli. Nikasema nitakwenda mimi.

“Wewe hujachonga hata mwiko,” mjomba aliniambia.

Nikamjibu kwamba nitajifunza nikifika. Alinitazama, kisha akachukua tembo aliyemchonga juma lile, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemng'arisha, akaniwekea mikononi. “Huyu ni wa kuwaonyesha kazi yetu. Wakiuliza kachonga nani, wageuzie tumbo.”

Mombasa nilipanda meli ya mizigo. Siku mbili za kwanza nilitapika, ya tatu nikazoea. Asubuhi ya nne niliona milima ya mawe imesimama katikati ya bahari, myeusi chini na kijani juu, na mji wa Victoria umejibana miguuni pake. Afisa wa bandarini aliandika kwenye kibali changu: mchongaji, mwaka mmoja.

Juma la kwanza Antoine, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alinipa gogo na tezo. Nilianza twiga. Jumatano shingo ilikatika. Ijumaa nilikuwa na kitu kama mbuzi. Antoine alikizungusha kile kitu mezani, akaniuliza kwa Kiingereza cha taratibu kama kwetu wanyama wote wako hivyo. Nikakiri kwamba kazi yangu ni kung'arisha. Hakunifukuza. Alikuwa na magunia ya vifuu vya nazi na magamba ya kasa, na hapakuwa na mtu pale aliyependa kuyasugua.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kwa raha. Nililala chumba cha nyuma nyumbani kwa Antoine na mkewe, Madam Odile. Wiki nzima ya kwanza nilitafuta komeo la mlango. Madam Odile alipojua ninachotafuta alicheka mpaka akakaa chini. Nyumba nzima haikuwa na komeo. Saa kumi na mbili asubuhi nilioga baharini. Saa sita duka lilifungwa na kila mtu akaenda kula. Tunda la shelisheli lilichomwa kwenye makumbi ya nazi, likapasuliwa kwa mikono na kuliwa na samaki wa mchuzi. Mvua ilinyesha jua likiwaka, na hakuna aliyekimbia. Jumapili baada ya misa wanaume walicheza domino barazani, wakinitania kwamba Mkenya anahesabu nukta kama anahesabu ng'ombe. Krioli, lugha yao, niliishika kwenye mchezo ule.

Mwezi wangu wa kumi na mbili pale, kibali kilikaribia kuisha. Kwenye ofisi ya vibali waliniambia nilete kitu nilichochonga kwa mkono wangu, la sivyo nipande meli ya kwanza. Jioni ile Madam Odile alielekeza kidole kwenye rafu ya sebuleni, nilikomweka tembo wa mjomba tangu nifike. “Si una yule tembo?”

Nilimchukua hadi chumbani, nikamgeuza. Mikato mitatu. Nilikata kipande cha msasa laini, kazi niliyoifahamu kuliko zote, na kabla chai haijapoa tumbo lilikuwa tupu. Nikapaka rangi.

Afisa alimpapasa tembo mgongoni, akauliza ilinichukua siku ngapi. Nikamwambia sita. Kweli zilikuwa sita, ila za mjomba. Akagonga muhuri.

Mwaka wa pili ulikuwa mzuri kama wa kwanza. Ulipokwisha, miguu ilikuwa imeanza kuniwasha kwa hamu ya safari, sikuomba mwingine. Sikupanga kurudi na tembo, lakini Madam Odile alimfunga kwenye taulo na kumtia ndani ya begi langu. Alidhani ningemsahau.

Nairobi nilifika Julai, baridi imekaza. Safari hii pia mjomba hakuniuliza nilikotoka. Aliniuliza tembo wake yuko wapi.

Nikamtoa. Akamgeuza, akapitisha kidole gumba tumboni, polepole, mara mbili.

“Umesugua vizuri,” alisema. “Sioni hata mkwaruzo.”

“Kumbe tembo wa huko hujivua ngozi kama nyoka,” alisema mzee Kioko kutoka kwenye kona yake. Hakuna aliyecheka. Nikawaeleza habari ya ofisi, kibali na msasa, yote.

Mjomba aliuliza jambo moja tu. “Mwaka wenyewe ulikuwa mzuri?”

“Ulikuwa mzuri.”

Akapanda kwenye kigoda, akamweka tembo rafu ya juu, akashuka na kunipa msasa.

Watu wa mtaani huniuliza nilijifunza nini Shelisheli. Huwaambia kwamba jua la kila siku halichoshi, na kwamba nyumba isiyo na komeo haimfanyi mgeni kuwa mwaminifu.

Tembo alikaa rafuni miezi miwili, nami nikimpangusa vumbi. Mtalii aliyemnunua aliuliza ni kazi ya nani. Mjomba alikuwa hatua mbili kutoka pale. Hakuinua kichwa. Sukari ilitutosha siku kumi, na chai nilikunywa kama wengine.