Jicho Lililobaki

Jicho langu la kushoto lilitolewa na ringi ya tairi la lori. Nasema hivyo moja kwa moja kwa sababu watu huzunguka sana kabla ya kuniuliza. Nilikuwa kijana, najaza upepo, ringi, ule mduara wa chuma unaobana tairi, haikukaa sawasawa kwenye rimu, ikaruka. Wenzangu walidhani nimekufa. Sikufa, na kazi sikuacha. Banda langu la matairi pale Tunduma, kando ya foleni ya malori ya kwenda Zambia, nililijenga nikiwa na jicho moja na darasa la tatu. Kusoma kwenyewe nilimalizia kwenye matairi: yale maandishi ya ubavuni, jina la kiwanda na saizi.

Kwa hiyo mtu akiniambia jicho ni kitu kidogo, namwangalia tu.

Mwaka ule ugonjwa wa macho mekundu uliingia mpakani pamoja na foleni. Madereva waliokwama walinawa kwenye ndoo moja, wakajifuta taulo moja, na ukipita asubuhi unawakuta wamevaa miwani nyeusi kama wako msibani. Jirani yangu, Mrangi wa Kondoa aliyeuza mitumba upande wa pili wa ukuta wangu, naye akaupata. Akavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, akarudi na kichupa cha dawa ya matone. Sisi wa mpakani tuna tabia hiyo. Dawa ikishavuka kizuizi tunaiona ina nguvu kuliko ya duka letu, hata kama zimetoka kiwanda kimoja. Na ikifika ni ya mtaa mzima, kama kiberiti. Mama wa chapati aliweka, utingo wa lori aliweka, kila mmoja anagusisha ncha kwenye kope ili tone lisipotee.

Kikafika kwangu.

“Mzee wangu, weka na wewe,” jirani akasema.

“Mimi siumwi.”

“Ndiyo uweke kabla. Wewe gari la taa moja. Hiyo ikizima utaegesha wapi?”

Niliona ana akili, nikaweka. Haikupita wiki nikaamka kope zimegandana.

Nimepigwa na mengi, lakini sikumbuki kuogopa vile. Nilikanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu mpaka kope zikaachia, mwanga wa mlangoni ukanichoma kama mchanga. Ng'ambo ya uwanja wetu kulikuwa na tairi kuukuu nililolitundika kama kibao cha biashara. Kila asubuhi nalisoma nikinywa chai, hata bila kukusudia. Asubuhi ile niliona duara jeusi, maandishi hakuna.

Mke wangu ni Mndali wa Ibaba, hana maneno mengi. Mama wa chapati alikuwa ameshakuja kushauri nikamuliwe maziwa ya mwanamke anayenyonyesha. Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akajifunga kanga vizuri.

“Twende Vwawa.”

“Tusubiri kidogo, litapoa.”

“Ungekuwa na mawili ningesubiri.”

Hospitalini, kwenye chumba cha macho, tulimkuta mama wa makamo. Nikampa mkono. Hakuupokea. Mimi mtu akiukataa mkono wangu biashara imekufa hapo hapo, na nilikuwa nageuka niondoke. Yule mama akakunja goti, akapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo, kama bibi yangu alivyowasalimu wakubwa huko kwetu Unamwanga.

“Shikamoo, baba. Mkono wako leo siushiki, na wewe usishike wa mtu.”

Nikakaa. Mimi Mnamwanga mzima, makofi niliyaacha nilipoingia mjini nikiyaona mambo ya porini.

Alilifunua jicho, akalimulika, akakiomba kichupa nilichokuja nacho na kukisoma.

“Hii nani kakuandikia?”

“Jirani.”

“Jirani yako ni daktari?”

“Anauza suruali.”

Mke wangu akacheka, mara ya kwanza siku ile. Yule mama hakucheka.

“Ugonjwa huu unaletwa na kirusi, baba. Dawa za kuua bakteria hazikiwezi. Na hii uliyoweka inatuliza wekundu tu. Jicho linaonekana limepoa, kumbe ndani ugonjwa unaendelea. Halafu ncha yake imeshapita kwenye kope za watu wangapi?”

Kumbe kinga yangu ndiyo iliyonileta pale.

Akatoa chupa nyingine, dawa ya kahawia. Niliijua. Ndiyo waliyonisafishia uso siku ya ringi.

“Hiyo ni ya vidonda,” nikamwambia. “Na jicho ndilo hili limebaki, mama.”

“Najua limebaki. Ni iodini ile ile, ila hii imepunguzwa makali kwa ajili ya jicho. Usije ukanunua ya vidonda ukajichanganyia nyumbani, utalipofusha. Hii inaua vijidudu vilivyo juu. Kumaliza kazi ni mwili wako, na unaweza kuchukua wiki kadhaa. Wapo madaktari wanaoitumia, wapo wasioona faida yake. Kwa jicho lako mimi nitaitumia.”

Nililipenda jibu lile. Fundi anayekuambia tairi hili litafika Makambako, mbele ya hapo sijui, huyo ndiye wa kumwachia gari.

Akaweka kwanza tone la ganzi, kisha la kahawia, akasubiri, akasafisha. Ganzi ilipoisha liliwaka kweli. Nilirudi nyumbani na masharti: taulo langu, mto wangu, sabuni kila nikigusa uso, na siku za kurudi aniangalie tena.

Jirani alikuja kunijulia hali, akanyoosha mkono. Nikapiga makofi.

“Mzee, umeshahamia Zambia, wanakosalimiana kwa makofi?”

“Nimeugua. Kile kichupa chako nimekitupa. Kingine unacho?”

“Kiko kwa utingo.”

“Kifuate ukitupe chooni. Ndicho kinachoubeba ugonjwa mlango kwa mlango.”

“Dawa nzima, Mzee? Mimi nilikupa kwa wema.”

“Wema nimeuona. Sasa kitupe.”

Alinuna, lakini alikwenda. Baadaye na yeye akaanza kupiga makofi, vibaya, kama anayefukuza kuku kwenye mahindi.

Mimi kila asubuhi nilikaa nyuma ya pazia na chai yangu, naliangalia tairi. Duara. Duara tena. Kisha ukungu mweupe mahali pa maandishi. Kuna siku nilipata herufi ya mwanzo nikanyamaza nayo, sikumwambia mtu. Mpaka asubuhi moja yakaja yote, jina na saizi. Nikamwita mke wangu, akatoka jikoni na mwiko. Nikamsomea kwa sauti.

“Hilo unalijua kwa moyo,” akasema. “Soma namba ya lori lile.”

Lilikuwa la Zambia, limekwama kwenye foleni na halijawahi kupita kwetu. Nikasoma, herufi kwanza, halafu tarakimu. Yeye akasogea mpaka barabarani, akaitazama ile namba mwenyewe, akarudi kukoroga uji wake.