Bamba la Cherehani na Ufunguo Usio na Meno

Niseme ukweli: ufunguo wa sanduku la Maman niliula mimi. Si kwa mdomo, kwa umeme. Mwalimu wa kemia alikuwa ametueleza namna zinki inavyohamia kwenye chuma na kukikinga na kutu, lakini mimi nilikuwa nachora tumbo lake pembeni ya daftari. Kwa hiyo nyumbani nilichanganya siki na chumvi, nikakata waya wa chaja ya zamani, nikaufunga ufunguo ulioanza kutu kwenye waya wa chanya badala ya wa hasi, nikaenda kucheza mpira. Kurudi, siki imekuwa rangi ya chai na ufunguo hauna jino hata moja, kama nyanya yangu.

Sandukuni mlikuwa na kitambaa cheupe cha kanzu za Idi. Maman alivunja kufuli kwa mchi, akinitazama mimi, si kufuli.

Ila shida yake kubwa ilikuwa cherehani. Hapa Kamembe unyevu wa ziwa hauachi chuma, na lile bamba dogo la chini ya sindano lilishika kutu. Mzee mmoja alirudisha kanzu yenye mstari wa kahawia kifuani, akauliza kama Maman anashona au anachoma brosheti za mbuzi. Bamba jipya hata Bukavu lilikosekana, na wateja walianza kumchungulia fundi wa jirani.

Nikaliomba lile bamba. Akauliza kama sijashiba ufunguo. Nilimbembeleza mpaka akachoka, akalifungua mwenyewe.

“Hii nayo ukiikula,” akasema, “kanzu utazishona na meno yako.”

Safari hii nilikuwa na adabu mpaka batoto wa nyumbani wakaogopa. Nikalipiga msasa, nikaliosha kwa sabuni mafuta yote yakatoka. Nikapasua betri kuukuu ya tochi, ganda lake la zinki nikalifunga kwenye chanya, bamba kwenye hasi, vyote ndani ya siki yenye chumvi, umeme wa betri nyingine moja tu. Nikakaa palepale kama muntu anayechunga maziwa motoni. Likatoka la kijivu, baya kama asubuhi ya mtihani. Nikalisugua kwa majivu. Likang'aa.

Maman akalirudisha, akapitisha kitambaa cheupe, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Hakuna doa. Akarudia polepole, kama anayetafuta sababu ya kunichapa. Hakuna. Nikazunguka ua mikono juu kama nimefunga bao, batoto nyuma yangu. Kanzu zote za Idi zilipita juu ya bamba langu, ya yule mzee ikitangulia.

Maman alisubiri nimalize kushangilia, akanirushia ule ufunguo.

“Vizuri, docteur. Sasa na huu urudishie meno yake.”