Malkia wa Bi Hauwa

Hapa Dengfeng, mtaa wetu huku Uchina, kuna mama wa Kinaijeria anayekaanga bajia za kunde. Harufu ile ya kunde na kitunguu ikipanda ngazi hadi chumbani kwetu, mimi siko tena Guangzhou. Binti yangu yuko soko la Zhongda anabishana bei na malaobani, wale Wachina wenye maduka ya vitambaa. Mimi niko Tanga, mtoto mdogo, nimekaa chini ukumbini kwa Bi Hauwa, midomo inang'aa mafuta.

Bi Hauwa alikuwa Mhausa. Yeye na mumewe walitoka kuhiji, wakasikia habari za kazi ya mkonge, wakaishia kwetu. Mume akafa. Alipotoka eda tu, Bwana Sefu wa mbao, mwenye wake wawili, akaanza kutuma washenga. Mtaa mzima ukaona ni heri. Mwanamke hana ndugu, hana mtoto, ataishije? Naye hakuweza kuwaambia hapana usoni. Hao hao ndio waliomzikia mumewe na kumlisha siku za matanga. Wenzangu mliofiwa ugenini mnajua uzito wake.

Sisi watoto hayo hatukuyajua. Tulijua bajia na hadithi. Washenga walikuja baada ya alasiri, wakakaa barazani, na kila wakija walikuta Bi Hauwa ameshatuita: "Njooni, wanangu, leo malkia anaingia vitani!" Tunajaa ukumbini mpaka kizingitini. Malkia huyo alitawala Zazau, nchi ya kina Bi Hauwa, zamani kabla ya wazungu. Alipanda farasi mbele ya wanaume, mkuki mkononi, na kila alipopiga kambi alizungusha ukuta wa udongo. Bi Hauwa akisimulia, alipaza sauti utadhani tuko ng'ambo ya mto. Tulidhani Wahausa ndivyo wanavyozungumza. Mama yangu alisema, "Yule hasimulii, anaadhini."

Siku moja Bwana Sefu akaja mwenyewe. Kanzu imepigwa pasi, uturi unanukia hadi barabarani. Akangoja hadithi iishe. Haikuisha. Malkia alikuwa akiteka miji, akitoka huu anaingia ule, na jua linashuka. Mwisho akachungulia ndani, akaniona mimi niliye mlangoni, akacheka kicheko cha kujikaza.

"Haya, mwanangu, huyo malkia wenu aliolewa na nani?"

"Hakuolewa, babu," nikasema. "Kila mji wanaume walimtaka. Asubuhi huyo, farasini, kawaacha wamesimama."

Mshenga wake akapasuka kicheko: "Sefu, twende zetu! Hujaposa, ushaitwa babu!"

Bwana Sefu akavaa makubadhi yake, kushoto kulia, kulia kushoto, akaondoka. Wala hakutuma mtu tena. Nasikia lile neno babu lilimchoma kuliko habari za farasi.

Bi Hauwa hakunisifu. Alinijazia bajia mkononi mpaka zikaanguka.

Nilikuja kuelewa nilipokuwa mjane mimi mwenyewe, hodi za washenga zikaanza mlangoni kwangu. Mimi nilikuwa na kaka zangu. Walitoka wakawajibu, mambo yakaisha. Bi Hauwa hakuwa na kaka. Lakini mtu mwenye adabu zake haingii kwa mjane kuzungumza posa akiruka vichwa vya watoto. Hilo alilijua vizuri. Hadithi ile ya ushujaa ilisimuliwa na mwanamke aliyekuwa akiogopa kila jioni, na sisi tuliona malkia tu, hatukumwona yeye.

Mama alikuwa akinifinya sikio njia nzima kurudi nyumbani: "Walafi nyie! Kila siku mmekaa mlangoni kwa mjane wa watu, mnamla!" Nami nikilia, nikiapa kwamba sirudi. Kumbe tulikuwa lindoni.