Leseni ya Usumbura

Bibi yangu alifia Naivasha alfajiri, nyumbani kwa mama mdogo. Alikuwa amesema zaidi ya mara moja kwamba akifa anataka kulazwa Nakuru, kando ya babu. Kwetu maiti hangojeshwi. Na miaka ile ya hali ya hatari jua likizama hakuna aliyeruhusiwa kuonekana barabarani. Basi tulikuwa na mchana mmoja tu wa kutoka Nakuru kwenda kumchukua, kumrudisha na kumzika.

Baba alikuwa na pikapu ya kubebea unga, lakini malaria ilikuwa imemlaza, akitetemeka chini ya mablanketi mawili. Dereva wetu alikuwa amezolewa katika msako wa juma lile, na hatukujua amepelekwa wapi. Aliyebaki ni mjomba, mtoto wa kwanza wa bibi, aliyekuwa amekuja kutoka Usumbura, kwa Wabelgiji, kumwona mama yake baada ya miaka mingi. Alipofika tu alikwenda polisi na leseni yake ya Kifaransa, pamoja na kile kitabu cha kijivu cha madereva wasafiri, chenye picha yake na kurasa za lugha nyingi. Wakamwambia aendeshe, mradi ni mgeni na haendeshi kwa mshahara.

Leseni haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa mikononi mwake. Kule kwa Wabelgiji magari hupita kulia, na usukani uko kushoto. Kila alipotaka kubadilisha gia, mkono wake wa kulia uligonga mlango. Na kila barabara ilipokuwa tupu, pikapu ilijivuta taratibu kwenda upande wa pili, kama punda anayejua njia ya kwao.

"Wewe kazi yako ni moja," aliniambia tukiondoka. Nilikuwa nimemaliza shule mwaka ule, na gari nilijua kulisukuma tu. "Ukiona nimepotea, sema kushoto. Usinionee haya."

Nikagundua njia yangu. Niliweka kiwiko dirishani. Nikiuona mtaro chini yake, tuko salama. Mtaro ukienda mbali, napiga kelele. Kufika Naivasha sauti ilikuwa imenikauka.

Wanawake walikuwa wamekwisha kumwosha bibi na kumkafini. Tulimweka nyuma ndani ya jeneza la msikitini, tukafunga turubai. Mama mdogo akapanda naye, akakataa kabisa kukaa mbele.

"Amenizaa peke yake, nimwache asafiri peke yake?" alisema. Kisha akamgeukia mjomba kupitia kidirisha cha nyuma. "Na wewe kaka, polepole. Mama hajapata kwenda mbio maishani mwake."

"Jua litazama, dada."

"Basi nenda mbio polepole."

Tulicheka, na kicheko kile kilituumiza.

Baada ya Gilgil bonde likafunguka. Nyasi zilikuwa za rangi ya simba, na chini kule ziwa la Elmenteita liliwaka kwa ndege, ukingo wake wote wa waridi. Wakati mwingine ningeyatazama hayo hadi macho yashibe. Siku ile nilitazama mtaro. Nyuma yetu mama mdogo alisoma Yasini, akimaliza na kuanza tena.

Ndipo tukakuta kizuizi. Gogo lilikuwa limelazwa barabarani, likiacha upenyo mwembamba wa kushoto; kulikuwa na askari watatu, na afisa mmoja Mzungu, kijana, pua imebabuka kwa jua.

"Toa leseni," askari mmoja alisema. Akakifungua kitabu cha kijivu, akakigeuza juu chini. "Hii kitabu ni ya wapi, mzee?"

"Usumbura. Mimi ni mgeni."

"Mgeni? Na gari imeandikwa unga? Mgeni gani anauza unga?"

"Gari ni la shemeji yangu. Nyuma kuna mama yangu. Tunakwenda kumzika."

Askari aliinua turubai, akamwona mama mdogo na jeneza, akalishusha upesi. Akavua kofia. Lakini afisa alikwisha kukichukua kile kitabu. Alikisoma kurasa zote, akaangalia picha, akamwangalia mjomba.

"Kule kwenu gari napita mkono gani?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha shambani.

Mjomba hakujua kusema uongo. "Kulia, bwana."

"Ah!" Afisa akaelekeza kidole kwenye mgunga uliokuwa mbele, upande wa Nakuru. "Enda pale kwa mti. Geuza. Rudi hapa. Kama wewe nakosa mkono, hii gari nalala hapa mpaka kesho. Na wewe," alinigeukia, "shuka."

Nilishuka. Nikasimama kando ya askari. Jua lilikuwa limekwisha kuinamia upande wa milima ya Mau.

Pikapu ilikwenda vizuri hadi kwenye mgunga, kwa kuwa gogo lilikuwa limeiweka upande unaofaa. Mjomba akageuza, akarudi nyuma, akageuza tena. Wakati huohuo askari waliliondoa gogo kulipisha lori la mbao lililokuwa limengoja nyuma yetu. Lori likanguruma kwenda Nakuru. Na pikapu ikatokeza kwenye vumbi, inarudi, iko katikati ya barabara, inavutwa kwenda kulia kwake. Kule kulikuwa na lori.

Nilifungua mdomo. Askari akanishika mkono juu ya kiwiko. "Nyamaza, kijana. Ukisema umemharibia."

Lori likapiga honi. Pikapu ikasimama kabisa, palepale katikati. Ilisimama kwa muda ambao bado naubeba kifuani. Halafu pua yake ikageuka kushoto, ikaenda kushoto, ikazidi kwenda, hadi magurudumu ya upande mmoja yakawa yanatembea majanini. Lori likapita. Mjomba akaja hivyohivyo, akilima nyasi, mpaka miguuni mwa afisa.

Afisa alimrudishia kitabu. "Barabara ni kubwa," alisema. "Tumia yote ya kushoto. Enda."

Baadaye mama mdogo alitueleza kilichotokea pale katikati. Mjomba aliondoa mikono kwenye usukani, akauliza kwa sauti, kama mtoto: "Mama, upande gani?" Yeye, aliyekuwa ameketi kushoto mwa jeneza, akaacha kusoma, akapiga bodi kwa kiganja, mara mbili, upande wake.

Tulifika makaburini wanaume wakiwa wamesimama mstari, tayari kwa sala. Mjomba aliingia kaburini mwenyewe kumpokea mama yake. Jua liligusa Mau tukiwa tunasawazisha udongo, na watu wakaanza kutawanyika upesi, kila mtu akikimbilia kwake kabla ya giza.

Nilimwendea mjomba nikamwambia twende, nitamwonyesha mtaro. Alinitazama, akanipa ufunguo.

"Leo siligusi tena," alisema.

Tukaenda kwa miguu, karibu tukimbie, na pikapu ya unga ikalala makaburini.