Jina Nililolitaja Jikoni

Nilipokuwa mtoto kule Kasha, kulikuwa na jina moja ambalo nyumbani kwetu halikutamkwa, na aliyekuja kulitamka ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Mwalimu alitupa kazi ya kuandika majina ya wazee wa familia, na Tonton, mdogo wake Papa, akanitajia saba bila kupumua: fulani akamzaa fulani, fulani akamzaa fulani. Wote wanaume. Nikamwuliza ni nani basi aliyebeba hizo mimba zote. Akacheka, akaniambia niandike vizuri nisichafue daftari.

Nilikuwa mbishi tangu hapo. Nikaenda kutafuta mwenyewe katika sanduku la bati la Koko, mama yake Papa, nikakuta kadi ya ubatizo iliyoliwa na mende. Ilikuwa na jina la mwanamke nisiyemjua. Nikakimbia nayo jikoni, ambako Mama alikuwa anasonga bugali huku tumbo lake la miezi minane likimzuia kuinama, na Koko anachambua maharagi.

"Koko, Nabintu ni nani?"

Koko hakuwa mtu wa kuinuka upesi, lakini siku ile aliinuka. Alinipiga kofi la mdomo, akanishika shingo, akaniinamisha juu ya mafiga.

"Tema mate mu majivu. Tema tena." Nikalitema jina lile, majivu yakanirukia mdomoni.

Nabintu alikuwa mke wa kwanza wa Babu. Alikufa na mimba tumboni, na Koko akaletwa kushika nafasi yake. Kwetu waliamini kwamba mwanamke aliyekufa hivyo hatajwi, kwa kuwa upweke unamsumbua, na akiitwa katika nyumba yenye mimba anakuja kuchukua mwenzake. Kwa hiyo hakuna mtoto aliyepewa jina lake, wala misa iliyoombwa kwa ajili yake. Watu husema walifanya hivyo kwa hofu, si kwa chuki. Mimi tofauti yake siioni sana.

Mama alicheka. "Maman, mwache mutoto. Jina haiuwe mutu."

"Unasema vile juu haujaona," Koko akajibu, akaitupa kadi motoni.

Wiki ya tatu baada ya siku ile, Mama alishikwa na uchungu asubuhi. Mvua ilikuwa imekula barabara, hakuna gari lililoweza kupanda mpaka kwetu. Wanaume wanne walimteremsha juu ya kiti, wakiteleza kwenye matope, na damu ikadondoka njia nzima. Mimi nilikuwa nyuma, nimebeba beseni la nguo za mtoto. Hospitalini walitafuta damu ya kumwongezea, wakakosa. Alikufa kabla ya saa sita, na mtoto naye hakulia.

Hakuna aliyeniambia, "Ni wewe." Haikuhitajika. Matangani nilimsikia jirani mmoja akisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alikuwa anamsema Mama kwa kile kicheko chake, lakini mimi nilijua mkosaji ni nani. Koko hakunigusa tena, hata kunisuka nywele aliacha.

Na kwa kuwa Mama naye alikufa kwa mimba, jina lake likawekwa kando kama lile la kwanza. Msalaba wake ukaandikwa "Mama Sifa". Sifa ni mimi. Hakuna aliyeona ubaya, maana quartier nzima, mtaa wote, ilimwita hivyo. Basi akazikwa kwa jina langu, mimi niliyeamini kwamba nimemwua.

Sasa nimepita miaka arobaini, nafanya kazi katika ofisi ya chuo kikuu mjini. Ninajua vizuri kinachoua wanawake wanaojifungua. Ninajua habari ya barabara na habari ya damu. Lakini ladha ya yale majivu mdomoni ninaijua pia.

Mwaka jana Tonton alimaliza kuandika historia ya familia, madaftari matatu, akaniletea nimpigie chapa kwa kompyuta. Nilipofika ukurasa wa Papa nikasoma: "Akaoa, akazaa watoto watatu." Basi. Nikamfuata kwake.

"Tonton, Mama haiko mu kitabu."

"Iko. Si niliandika 'akaoa'?"

"Na jina yake?"

Tonton ni mtu wa kanisa, amefundisha maisha yake yote. Alivua miwani, akaifuta polepole, kisha akanisogezea kalamu.

"Sifa, binti yako iko na mimba. Kama unataka, andika weye mwenyewe."

Kalamu sikuishika. Nilirudi ofisini, nikapiga kila neno kama alivyoliandika, na kitabu kikagawiwa kwa familia baada ya misa. Ninaona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Neema, binti yangu, alikisoma kitandani kwangu, miguu imevimba. "Maman, koko yangu, mama yako, aliitwaka nani?"

"Ukishazaa nitakuambia."

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa.

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Siku ya tatu nikafunga mlango nikamweleza yote: kadi, kofi, kiti, beseni. Alisikiliza huku ananyonyesha, na nilipomaliza akasema tu, "Maman, ulikuwa na miaka kumi." Nililia mpaka mtoto akaachia ziwa.

Kisha akaomba kitabu na kalamu ya bic. Kwenye ukurasa wa Papa akaandika *Nsimire*, mama yangu. Kwenye ukurasa wa Babu akaandika *Nabintu*, na chini yake jina la Koko, kwa maana hata Koko, aliyelinda ukimya ule maisha yake yote, hakuwemo. Akafungua ukurasa wa nyuma zaidi.

"Na mama yake Babu?"

"Sijui."

"Na wa mbele yake?"

Aliyejua alikuwa Koko, na tangu siku ile jikoni sikumwuliza tena kitu, mpaka tukamzika. Neema alingoja kidogo, bic mkononi, halafu akakifunga kitabu. Majina saba ya Tonton ninayo mpaka leo, ninaweza kukutajia yote bila kupumua.